Trekta Lililomeza Yowe

Vijana wangu wa gereji ya njia panda, nawasikia. Kila asubuhi mnatoboa ekzosi za pikipiki kwa makusudi ili zipige kelele, na mwenye pikipiki anaondoka amefurahi kama aliyeongezewa nguvu za farasi. Mkiniona nimekaa kibarazani natikisa kichwa, msidhani nawalaani. Nacheka. Mimi nilitumia miezi mitatu ya ujana wangu, mchana kutwa, kujaribu kupunguza kelele za mashine moja ndogo ya dizeli, na katika miezi hiyo nilichoma nguo za mzungu, nilipasua chungu cha dada yangu na nikavunjika jino. Kwa hiyo kaeni kidogo. Zimeni hiyo pikipiki kwanza.

Wakati huo Mwingereza bado anatawala, na mimi ni dereva wa trekta kwenye shamba la kahawa na mahindi karibu na Nanyala. Mwenye shamba tulimwita Bwana Mbilimbili, kwa sababu kila neno alilisema mara mbili. Hakuwa mtu mbaya. Alidhani tu kwamba Mswahili hasikii neno la kwanza. Trekta lenyewe alilinunua likiwa limeshachoka huko lilikotoka: silinda mbili, rangi ya bluu iliyobabuka, na ekzosi iliyokatika karibu kabisa na injini. Lilikuwa dogo kiasi kwamba nikilipanda magoti yananigusa kidevu. Lakini kelele zake, wanangu, zilikuwa za matrekta manne. Likiwashwa kuku wa shambani walikuwa wanakimbilia kwa jirani, na wa jirani wanakimbilia kwa jirani yake.

Nililipataje? Kwa kutoogopa tu. Baba yangu alikwenda kwenye migodi ya shaba ng'ambo ya mpaka, akafia huko. Ilikuja barua. Mama alikuwa kitandani na homa siku ilipofika, akaililia barua ile humo humo ndani, na kabla mwezi haujaisha naye akamfuata mumewe. Nikabaki mimi, mkubwa, na wadogo watatu: Eliza, Daudi na Sara. Shule niliiacha darasa la tatu, siku ya Jumatatu, na Jumanne nilikuwa nachuma kahawa. Nikachuma, nikabeba, nikaswaga ng'ombe wa plau. Trekta lilipokuja, wenzangu wote walirudi nyuma hatua mbili lilipokohoa. Mimi sikurudi, si kwa ushujaa, ila nyuma yangu kulikuwa na shimo la mbolea. Bwana Mbilimbili akaninyooshea kidole: "Wewe dereva, wewe dereva."

Mshahara wa dereva ulikuwa wa kuwatosha Daudi na Sara wakae shuleni. Hilo ndilo lilikuwa jambo langu kubwa duniani. Nilikuwa nimeapa kwamba hao wawili hawatatoka darasa la tatu siku ya Jumatatu.

Nyumbani nilikuwa kero. Mtu anayeshinda juu ya mashine ile, jioni anaongea kama bado yuko juu yake. Naomba chumvi, majirani wanatoka nje kuuliza kuna nini. Kanisani mchungaji alisema tuombe kimya kimya, mimi nikaomba kimya kimya, na kanisa zima likajua kwamba namwomba Mungu anisaidie nipate viatu. Eliza, ambaye ulimi wake haukuwahi kuhitaji grisi, alisema heri nilale na trekta huko huko bandani, tutaelewana.

Sasa sikilizeni kosa langu.

Enzi zile kwetu, mtu akifa habari hazikuletwa na simu. Mwanamke mwenye sauti alipanda kilimani akapiga yowe na kumtaja marehemu kwa jina na kwa baba yake. Kilima cha pili kikasikia, kikapokea, kikapeleka cha tatu. Kabla jua halijasogea, watu wa mabonde manne wameshajua. Na ukishasikia, jembe unalaza. Hakuna anayechimba ardhi siku ambayo ardhi inachimbwa kwa ajili ya mtu. Anayelima siku ya msiba ni kama anasema marehemu hakuwa mtu.

Mwezi wa nane, nalima uwanda ulio chini ya kilima cha ng'ambo, natifua ardhi kavu kabla ya mvua. Kumbe asubuhi ile kule kilimani amefariki kaka yake Mzee Nzunda, na Mzee Nzunda ndiye aliyekuwa mkubwa wa baraza la wazee wetu. Yowe limepigwa. Wachumaji wa kahawa wamelaza vikapu, waswaga ng'ombe wamefungua nira, wote wamekwenda. Mimi niko juu ya trekta, nasikia trekta.

Nikawaona watu wamejaa kilimani, wananipungia mikono. Nikafurahi. Nikasema moyoni, leo wametambua kazi yangu. Nikawapungia. Wakapunga kwa nguvu zaidi. Nami nikasimama juu ya trekta, nikavua kofia na kuwapungia nayo. Wengine wakashuka hadi mwisho wa shamba, wakaanza kunirushia madongo, nami nikadhani ni mchezo wa furaha, kwa hiyo nikaongeza mafuta ili waone linavyokwenda. Nililima hivyo mpaka saa tisa alasiri. Waliporudi kutoka mazikoni ndipo dizeli ikaniishia, trekta likanyamaza, na nikasikia kwa mara ya kwanza walichokuwa wakiniambia tangu asubuhi. Mengine siwezi kuyarudia.

Kesho yake niliitwa barazani. Nilikwenda na Eliza, kwa sababu sikuwa na baba wa kusimama nyuma yangu, na Eliza alikuwa anatosha. Nikawaeleza wazee kwamba sikusikia. Waliamini. Hilo ndilo lililokuwa baya: kama wangeona naongopa wangenitoza mbuzi yakaisha. Mzee Nzunda akasema trekta halina kosa, maana halina ndugu. Mwenye ndugu ni mimi. Nina wadogo watatu, na siku moja nitahitaji watu wa kunichimbia kaburi, na watu hao hawawezi kuishi jirani na kitu kinachomeza yowe. Kisha akatoa hukumu, taratibu, ili niielewe.

"Hatukukatazi kulima, kijana. Tunakukataza kulima huku husikii. Siku yowe likipigwa kilimani, na wewe uko shambani, injini inawaka, plau iko ardhini, nawe ukasikia, siku hiyo trekta tutalihesabu kama ng'ombe wengine wa plau. Kabla ya hapo, usiliwashe kwenye uwanda ule."

Bwana Mbilimbili alipopelekewa habari alikuna kichwa kwa mikono miwili. Alijua vizuri kwamba wakiamua, hatapata mchumaji hata mmoja. Akaniambia ana subira mpaka mvua ya kwanza. Mvua ikinyesha na trekta halilimi, analiuza, anarudi kwenye ng'ombe. Waswaga ng'ombe walikuwa wameshajaa, na mimi nafasi yangu ingekuwa kurudi kwenye vikapu vya kahawa, kwa ujira wa vikapu vya kahawa. Hapo ada haitoki. Nilihesabu: mwezi wa nane, wa tisa, wa kumi. Mvua yetu hubisha hodi wa kumi na moja.

Nikaanza kazi kwa ujinga wangu wote.

Nilidhani kelele hutoka mahali pamoja, kwenye tundu la moshi, kwa hiyo dawa ni kuziba tundu. Nikachukua gunia, nikalilowesha, nikalishindilia kwenye ekzosi kwa mpini wa jembe. Nikawasha. Trekta likanguruma kwa tumbo, likatetemeka, likanyamaza kwa muda wa mtu kuvuta pumzi mbili, nami nikaanza kutabasamu. Kisha gunia likatoka. Lilitoka linawaka, likapita juu ya banda, likatua kwenye kamba ya nguo za Bwana Mbilimbili. Ilipona suruali moja, na hiyo ni kwa sababu alikuwa ameivaa.

Juma la pili nikatumia chungu. Chungu kikubwa cha Eliza cha kupikia maharage, nikakitoboa pembeni na kukifunikiza kwenye ekzosi kwa waya. Chungu hakikudumu hata mtaro mmoja. Eliza alikusanya vigae, akaviweka kwenye sahani yangu ya chakula cha jioni, akanikaribisha mezani.

Jaribio la tatu ndilo lililokaribia kunikosesha kazi kabisa. Nilifunga bomba refu kutoka kwenye ekzosi, nikalitumbukiza kwenye nusu pipa la maji nililolifunga nyuma. Na likanyamaza kweli, lilikuwa linachemka tu, bwabwabwa, kama pombe ya harusi. Nikaita watu waje waone. Nikazima kwa maringo. Lakini injini ya moto ikizimwa hupoa, na bomba linapopoa huvuta, na kilichokuwa mwisho wa bomba ni maji. Asubuhi nikashika hendeli kuliwasha. Hendeli ikagoma katikati kama imegonga mwamba. Waswaga ng'ombe wakaja na jozi tatu, wakicheka, wanataka kulivuta ili liwake kwa nguvu. Nilikuwa nimeshafunga mnyororo. Mnajua kilichonizuia? Mnyororo ulikuwa mfupi. Nilipokwenda kutafuta mwingine, dereva wa lori aliyekuwa anapakia kahawa akaniambia: kabla hujavuta, nenda Tunduma kwa Fundi Siame.

Hapa nawaomba muandike, nyie mnaoandika. Injini iliyogoma kuzunguka, usiilazimishe. Ina kitu mdomoni. Maji hayabonyei. Ungevuta kwa ng'ombe sita, shafti ingepinda kama mundu.

Fundi Siame alikuwa Mnamwanga aliyefanya kazi miaka mingi kwenye karakana za migodi ya shaba, akarudi Tunduma na vitu viwili: sanduku la spana na uziwi. Mashine za kule zilimla masikio. Mimi mwenyewe, kama nilivyowaambia, nilikuwa nusu yake. Kwa hiyo nikasimama pale karibu na soko nikimweleza kwa sauti kubwa kwamba nataka kupunguza kelele, naye akinijibu kwa sauti kubwa zaidi kwamba kelele si kitu cha mchezo, na watu wakaacha kununua wakatuzunguka, wakidhani tunagombania mwanamke. Mama mmoja muuza karanga alituomba tusipigane mbele ya watoto.

Alipoelewa habari ya pipa la maji aliniangalia kwa huruma. "Awe, mwaice," akasema. Kibemba hicho alikiokota migodini: hapana, kijana. "Trekta umelinywesha. Unataka linyamaze au unataka life? Maana vyote viwili ni kimya."

Alikuja shambani juu ya magunia ya lori. Kwanza alitoa nozeli zote mbili, vile vinyunyizio vya dizeli, akazungusha hendeli polepole, maji yakaruka juu mpaka yakamlowesha Bwana Mbilimbili aliyekuwa ameinama kuangalia. Kisha akamwaga oili yote, iliyokwisha kuwa kama uji, akaweka mpya. Kisha akaniomba kijiti kikavu cha mti mgumu, urefu wa mkono.

Hapa ndipo nilipojifunza ufundi. Fundi Siame, kiziwi, alikuwa anasikiliza injini kwa meno. Alikuwa nayo matano. Anaweka ncha moja ya kijiti kwenye chuma, ya pili anaiuma, anafumba macho, na mtikisiko unapanda kwenye taya mpaka kichwani. Kila sehemu ya injini akaionja hivyo, kama mama anavyoonja mboga. Alisema jino la chini kushoto ndilo linalosikia vizuri bearingi, la juu ni la tapeti, zile zinazosukuma valvu. Sijui kama ni kweli. Najua tu kwamba aliuma, akafikiri, akasema nati fulani imelegea, tukaenda tukaikuta imelegea.

"Umekosea kuita kelele," akaniambia. "Hizi ni ukoo. Ukimpiga baba peke yake, mama na watoto bado wanapiga makelele. Tafuta mmoja mmoja, umjue jina, ndipo uzungumze naye."

Tukaanza na watoto. Boneti, madigadi, kisanduku cha vifaa, sahani ya miguu: kila bati lililokuwa linagongana na bati. Tukakata raba kutoka kwenye tairi la lori lililokufa, tukaweka kipande chini ya kila bolti, tukakaza. Siku moja tu ya kazi, na trekta likapoteza sauti ya mtu anayevingirisha masufuria mlimani. Nilishangaa. Nilikuwa nimechoma nguo na kupasua chungu, na sehemu kubwa ya balaa ilikuwa bati na bolti.

Halafu mama, yaani mdomo wa kuvutia hewa. Bakuli lake la oili la kusafisha vumbi lilikuwa limepotea tangu huko trekta lilikotoka, kwa hiyo lilikuwa linavuta hewa kwa mluzi na kumeza mavumbi ya Nanyala mazima mazima. Fundi alinigombeza hapo kuliko kwenye pipa la maji. Tukatengeneza bakuli jingine kutoka kwenye kopo, tukalitia oili, na mluzi ukakatika. Tapeti akazipima nafasi zake kwa kibati cha kopo la sigara, maana zilikuwa zimeachana na zinapiga kama mwashi. Nozeli moja ilikuwa inadondosha dizeli badala ya kuinyunyiza, na ndiyo iliyokuwa inafanya ule mlio wa nyundo ndani ya silinda. Tukaisafisha kwa mafuta ya taa na waya laini wa shaba. Akanionyesha inavyonyunyiza ikiwa nzuri, kama ukungu, akaushika mkono wangu kwa nguvu kabla sijausogeza. Ukungu ule unapenya ngozi mpaka kwenye damu, vijana. Msiweke mkono. Mtu ambaye ana meno matano alikuwa na vidole vyote kumi kwa sababu hiyo.

Mwisho baba, ekzosi. Fundi akachukua kopo la oili la galoni tano, akapitisha ndani yake bomba alilolitoboa vitundu vingi kwa keke ya mkono, akaziba ncha ya bomba ili moshi ulazimike kutoka kwa vitundu, uzunguke ndani ya kopo, uchoke, ndipo utoke nje. Nilitoboa vitundu vile mimi mwenyewe kwa siku tatu. Nilitaka kuacha nilipofika sabini. Akasema jumla ya vitundu lazima ipite upana wa bomba lenyewe, la sivyo injini inakabwa na nguvu inakwisha. "Usimzibe mdomo," alisema. "Mpe njia ndefu ya kusema." Kisha tukaelekeza tundu la mwisho chini, upande usio wa kilimani.

Kijiti nacho nilikijaribu. Aliniambia niume polepole. Mimi nikauma kwa bidii, trekta likaruka, na pengo mnaloliona hapa mbele, ambalo wajukuu wanadhani nilipigana, ni la bearingi ya nyuma.

Siku ya kuliwasha, Eliza alikuwa ameleta chakula. Alisimama hatua kumi na kusema, kwa sauti yake ya kawaida, kwamba kama ni hivi tu ningeweza kufanya tangu mwanzo na chungu chake kikapona. Nami nikasikia kila neno. Tukaanza kugombana pale pale, injini inawaka, na sote wawili tukasita, maana ilikuwa mara ya kwanza kugombana kando ya trekta bila kuonyeshana vidole. Waswaga ng'ombe wao wakaenda kulalamika kwamba sasa trekta linawanyatia kwa nyuma.

Mwezi wa kumi ulikuwa unakwisha. Nikaenda kwa wazee kusema niko tayari, wajaribu.

Na hapo ndipo tulipokwama wote. Hakuna aliyekuwa amefikiri. Jaribio lenyewe ni yowe la msiba, na yowe la msiba halipigwi bila maiti. Ukimlilia mtu aliye hai, umemwitia mauti kwa jina. Mzee mmoja akashauri tumlilie mbwa. Wakamuuliza mbwa anatajwa baba yake nani. Mwingine akasema lipigwe yowe bila jina. Wakamjibu kwamba yowe bila jina litawapeleka watu wote makwao mbio, kila mmoja akidhani ni kwake. Mwingine akasema tungoje tu, mtu atakufa. Wazee wakaanza kutazamana, na kila mmoja akakaa vizuri kwenye kigoda chake ili aonekane ana afya. Baraza likavunjika bila jibu, na mawingu yalikuwa yameanza kukaa juu ya milima ya Ileje.

Mwenye sauti ya kilima chetu alikuwa Bibi Nakamba. Alikuwa mzee mwembamba kama ufito, lakini akipiga yowe hata ng'ombe walikuwa wanainua vichwa. Nilikwenda kwake kumsihi. Alikuwa anapepeta ulezi, hakuacha. Akasema sauti yake haikodishwi kwa ajili ya kujaribia mashine. Nikamweleza habari ya Daudi na Sara na ada. Akaendelea kupepeta. Nikanyanyuka kuondoka.

"Ambakisye," akaniita. "Baba yako alililiwa na nani?"

Nikasema mama alimlilia.

"Mama yako alilia ndani, juu ya karatasi, na homa. Mimi nauliza kilimani. Nani alipanda?"

Hakuna aliyepanda. Baba hakuwa na maiti, alikuwa na barua, na wakati ule watu hawakujua barua inaliliwaje. Kisha mama akafariki, tukamlilia mama, na miaka ikapita. Bibi Nakamba akaweka ungo chini.

"Huyo basi amekufa kweli, na yowe lake bado liko. Waambie wazee nitapanda. Siku sikuambii."

Mvua ya kwanza ilinyesha Jumapili mchana wote. Jumatatu asubuhi udongo ulikuwa mweusi na laini. Bwana Mbilimbili alikuja mwenyewe mwisho wa shamba, na Mzee Nzunda na wazee wenzake wakakaa kwenye gogo upande wa pili. Nikawasha. Nikashusha plau. Mtaro wa kwanza nilikwenda masikio yamesimama kama ya sungura, sikusikia kitu ila trekta. Wa pili hivyo hivyo. Kwenye wa tatu nikaanza kufikiri juu ya tapeti moja ambayo sikuridhika nayo, na juu ya namna nitakavyomwambia Sara asirudi shule.

Ndipo likaja. Halikuja kwa nguvu. Lilikuja juu ya injini, jembamba, kama uzi unaopita kwenye tundu la sindano. "Lameki. Lameki mwana wa Mgala. Lameki umelala ugenini."

Wanangu, niliposikia jina la baba nilisahau kabisa kwamba ni jaribio. Nilizima injini katikati ya mtaro, nikashuka, nikakaa kwenye udongo ulionyeshewa, nikalia kama mtu aliyepata habari asubuhi hiyo.

Nilipoinua kichwa nikasikia kilima cha pili kinapokea. Halafu cha tatu, mbali. Nikamtazama Mzee Nzunda, naye akanitazama, na nikaona usoni kwake kwamba wazee walikuwa wameambiana wao kwa wao tu. Hakuna aliyewaambia watu wa vilima vingine kwamba marehemu ana miaka sita kaburini.

Saa sita mchana walianza kuingia. Kutoka mabonde yote walikuja, wanawake na mizigo ya kuni, unga na kuku vichwani, wanaume na majembe ya kuchimbia. Watu waliomjua baba walilia njia nzima. Walipoelezwa, wengine walisimama wakashika viuno. Lakini mwanamke aliyebeba kuni kutoka Itaka hawezi kurudi nazo Itaka. Mmoja wao alizitua mbele ya nyumba yetu, akaniambia tena kwa ukali kidogo: "Miaka sita au siku moja, pole kwa baba." Akaenda kuwasha moto. Wengine wakamfuata. Eliza alikuwa anakimbia huku na huko kuazima vyungu.

Bwana Mbilimbili alikuja nyuma yao, buti zimejaa tope, akauliza nani amekufa, nani amekufa. Akaambiwa ni baba wa dereva. Akavua kofia. Akauliza lini. Akaambiwa. Akaizungusha kofia mkononi, kisha akamgeukia Mzee Nzunda kuuliza habari ya trekta.

"Trekta limefaulu," Mzee Nzunda akasema. "Dereva amesikia, sote tumeona. Lilime uwanda wote, mwaka huu na mwaka ujao. Ila sasa tuko msibani. Jembe haligusi ardhi siku tatu."

"Siku tatu, siku tatu?"

"Si sita, Bwana. Tatu."

Mvua ikaanza tena, nyembamba. Bwana aliangalia udongo wake mzuri unaolowa bure, akaliangalia trekta limesimama katikati ya mtaro, kimya kuliko nilivyowahi kulinyamazisha mimi. Kisha akatafuta mahali kwenye mkeka, akaketi kwa shida na yale mabuti yake, na Sara akampelekea maji ya kunawa.